Jaketi linalomtosha: mwongozo kamili wa kumweka mwanamke kwenye boti za utalii Tanga

Msichana wa kwanza niliyempandisha botini kama baharia, si kama mpishi, alikuwa na kilo 48. Nikamvisha jaketi la kuokolea tulilokuwa nalo. Yote yalikuwa saizi moja, yamenunuliwa siku moja na mtu mmoja mwenye kifua kama mlango. Tulipofika mbele ya kisiwa cha Toteni nikamwambia aruke tujaribu. Akaruka. Jaketi likabaki juu, yeye akashuka ndani yake mpaka machoni, mikono imeinuka kama mtoto anayevuliwa kanzu. Mabaharia wakacheka mpaka wakakaa chini. "Si tulisema, Bi mkubwa? Hii kazi si ya kina dada."

Kosa lilikuwa la jaketi, lawama akabebeshwa yeye.

Mwongozo huu nawaandikia wenye boti, wenye nyumba za wageni na vikundi vya kina mama, kuanzia Raskazone mpaka Ushongo, wanaosema wanawataka wanawake kwenye kazi hizi ila "hawakai". Wanakaa. Mimi ninao wanne, na yule wa jaketi ndiye nahodha wangu wa boti ndogo. Lakini mpaka kuwapata hao wanne nilipoteza saba, na kila aliyeondoka aliniachia somo moja la kulipia.

Kwanza: andika nani anagusa nini

Chukua daftari, wiki nzima, kila safari. Upande mmoja andika nani kashika usukani, nani kawasha mashine, nani kashusha nanga, nani kazungumza bei na mgeni, nani kapokea pesa. Upande wa pili: nani kakata matikiti, nani kalea watoto wa wageni, nani kaosha vyombo, nani kakunja mataulo.

Mimi nilipolifanya hili majina yote ya kike yalikuwa upande wa pili. Yote. Na mwenyewe nilikuwa nikijisifu kwa watu kwamba "naajiri wanawake".

Si tatizo la Tanga peke yake. Tulipata mgeni kutoka Austria, mama wa makamo, kazi yake kufundisha skii, yaani kuteleza milimani juu ya theluji kwa mbao mbili zilizofungwa miguuni. Nilimsimulia kisa cha jaketi, akacheka kicheko cha mtu aliyeyaona. Akasema kwao mwalimu wa kike akiajiriwa, aghalabu hupewa darasa la watoto wadogo, na wanaume hupewa wageni wazima wanaotaka kupanda juu kwenye theluji ya kina, ambako ndiko kwenye bahashishi nzuri. Kuhusu viatu, akaniambia kwa miaka mingi kiatu cha skii cha mwanamke kilikuwa kiatu cha mwanaume kilichopunguzwa tu. Msuli wa nyuma ya mguu wa mwanamke hushuka chini zaidi, kwa hiyo shingo ya kiatu ikimbana hapo anateleza vibaya, na watu husema wanawake ni waoga.

Baada ya kuondoka nikasoma zaidi, kwa sababu mimi nikishika jambo siliachi. Kuruka kwa skii kumekuwepo kwenye Olimpiki ya majira ya baridi tangu ile ya kwanza ya Chamonix, mwaka 1924. Kwa wanaume. Wanawake waliruhusiwa Sochi mwaka 2014, miaka 90 baadaye, na dhahabu ya kwanza akaichukua Mjerumani Carina Vogt. Katikati hapo, mwaka 2005, mkuu wa shirikisho la kimataifa la skii alinukuliwa akisema mchezo ule kitabibu hauonekani kuwafaa wanawake. Na mpaka michezo ya 2026 ya Milano na Cortina, ule mchezo wa kuchanganya kuruka na mbio za skii umebaki wa wanaume pekee. Nilipofika hapo nikamkumbuka mzee mmoja wa gatini aliyeniambia mtikisiko wa mashua huharibu kizazi. Bahari na theluji ni mbali, lakini maneno ni ndugu.

Vifaa, kabla ya mafunzo

Watu wengi huanza na semina. Anza na vifaa, maana mtu hajifunzi akiwa amevaa kitu kinachomzamisha.

Jaketi hununuliwa kwa uzito wa mvaaji, umeandikwa kwenye lebo ya ndani. Kulipima ni hivi: mvishe, funga vifungo vyote, kisha simama nyuma yake ushike mabegani ulivute juu kwa nguvu. Likipanda mpaka masikioni, si lake. Kwa mwili mwembamba au wenye kifua kikubwa tafuta lenye kamba ya kupita katikati ya mapaja, ndiyo inayolizuia lisipande. Andika jina kwa rangi mgongoni. Jaketi lenye jina haliazimwi hovyo, na mwenye jina lake juu ya kitu cha kazi hutembea tofauti, utaona.

Sare: suruali nyepesi ya kukauka haraka na fulana ya mikono mirefu ya kuogelea, na kitambaa cha kichwa cha kubana kwa anayejistiri. Kanga na baibui majini ni hatari, nasema hivi na mimi mwenyewe ni mvaaji: vikilowa huzunguka miguu kama nyavu. Nimeona nyumba moja ya wageni, sitaitaja, iliyowavalisha mabaharia wao wa kike kanga za kupendeza kwa ajili ya picha za wageni. Picha zilitoka nzuri.

Halafu choo. Hakuna anayetaka kuliongelea hili na ndilo lililonikimbizia wawili kati ya wale saba. Mwanaume hugeukia tezi, nyuma ya boti, basi. Mwanamke hukaa saa sita bila kunywa maji ili asibanwe, kichwa kinamuuma, jioni anasema bahari imemshinda. Maziwe ni fungu la mchanga, halina hata kichaka, na maji yakijaa lenyewe humezwa. Suluhisho langu ni hema dogo la kubadilishia nguo, lile la kujirusha na kufunguka lenyewe, na ndoo yenye kifuniko. Pembeni kuna mfuko usiopitisha maji wenye pedi, sabuni, chupa ya maji safi na mifuko myeusi. Kila kitu kinarudi nchi kavu. Maziwe ni eneo tengefu tangu mwaka 1975. Wageni wa kike wamelishukuru hema lile kuliko chakula.

Kuogelea

Mtoto wa kike wa pwani anaweza kukulia hatua mia kutoka majini na asijue kuogelea. Kaka zake walikuwa wakijirusha gatini, yeye alikuwa akiitwa arudi nyumbani. Usimuulize mbele za watu "unajua kuogelea?" maana atasema ndiyo.

Tafuta mwalimu wa kike. Kama hayupo, mlipie mmoja akafunzwe kwanza, wengine watajifunza kwake. Chagua saa ya alfajiri, maji yakiwa yanajaa taratibu, ufuko usio na vijana wa kutazama. Kipimo changu kabla mtu hajaingia kwenye orodha ya safari: aelee chali dakika 5 bila hofu, aogelee mita 200 bila kusimama, mwendo wowote, abaki wima kwenye maji marefu dakika 10, amvute mwenzake mita 25 kwa boya, na apande botini kutoka majini bila ngazi.

Hilo la mwisho ndilo huwashinda, wanaume pia ila hawasemi. Wengi hujaribu kujinyanyua kwa mikono. Mfundishe kitanzi: kamba ifungwe pembeni mwa boti, kitanzi kizame kama nusu mita chini ya maji. Aweke mguu ndani, mwili uubane na ubavu wa boti, asimame juu ya mguu kama anayepanda ngazi, kisha aanguke ndani kwa tumbo. Haina heshima kuitazama, lakini inafanya kazi. Wiki mbili mpaka sita zinatosha kwa wengi. Mmoja wangu alichukua miezi minne na sasa ndiye anayefundisha.

Mashine: hapa usione haya kukaa muda mrefu

Atakayejifunza kila kitu isipokuwa mashine atabaki mkata matikiti. Wanaume wa gatini wanajua hivyo, ndiyo maana watampisha kwenye kila kitu isipokuwa tezi. Watakuambia hana nguvu za kuvuta kamba.

Anza na mashine ndogo, ya nguvu farasi 15, boti ikiwa imefungwa, maji yametulia. Gia iwe katikati. Ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine avae mkononi kabla ya kitu kingine chochote, iwe mazoea kama bismillahi. Aufinye ule mpira wa mafuta mpaka uwe mgumu. Kama mashine imelala usiku, avute choki. Sasa mpini: asikurupuke. Avute polepole mpaka ahisi kamba imekaza, kama ndoo ya kisimani inapogusa maji. Pale asimame, agandamize goti kwenye ubao wa tezi, mkono unyooke, kisha avute kwa kuegemeza mwili mzima nyuma. Mkono ni ndoano tu, anayevuta ni mwili. Nahodha wangu aliiwasha mara ya tisa siku ya kwanza, mara ya pili siku ya tatu. Baharia mmoja mwenye mikono kama magogo huivuta mara sita kila asubuhi huku akiitukana.

Baada ya hapo: kubadili plagi, kusafisha chujio la mafuta, kupitisha maji baridi, yasiyo na chumvi, kwenye mashine baada ya kazi, kujua ule mchirizi wa maji unaotoka pembeni, kwamba ukikatika uzime mara moja. Kisha nanga. Kamba iwe angalau mara tano ya kina: kina cha mita 4, kamba mita 20. Ashushe, asirushe, anayerusha nanga kwa mbwembwe ndiye atakayejizungushia kamba mguuni. Kisha redio, chaneli 16, na namna ya kutaja mahali ulipo bila kupayuka.

Usukani mpe kwa saa zilizoandikwa. Usiseme "akipata nafasi", nafasi haipatikani. Mimi niliweka saa 50 za usukani akiwa na nahodha pembeni, daftari likisainiwa kila safari, kaskazi na kusi zote zimo. Bahari ya Januari na bahari ya Julai ni walimu wawili tofauti. Taratibu za cheti na ukaguzi wa chombo zipo TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ndiko vyombo vidogo vinakosajiliwa. Ulizia mapema, kabla hajamaliza saa zake, ili asije akasubiri karatasi mpaka akakata tamaa.

Na asiitwe "dada wa botini". Akishapata cheti anaitwa nahodha, mbele ya wageni na mbele ya wagosi.

Ujuzi alionao tayari

Hapa ndipo wenye boti hupoteza mali bila kujua. Mwanamke aliyekulia Mtang'ata au Kigombe, aliyelima mwani au kuchokoa pweza na bibi yake, anayajua maji kuliko programu ya simu. Anajua bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) kwa kuutazama mwezi. Anajua kwamba siku za bamvua maji hutoka asubuhi, chini kabisa kati ya saa nne na saa tano, na kwamba kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Safari ya Maziwe nzima ni hesabu hiyohiyo.

Shida ni kwamba yeye haiiti elimu. Ukimuuliza ana ujuzi gani atakujibu "sina, mama." Kwa hiyo usimhoji kwa maswali ya ofisini. Nenda naye ufukweni umuulize: kesho kutwa mgeni anataka kutembea mwambani, aje saa ngapi? Sikiliza anavyojibu. Nilimpata mmoja hivyo. Alinijibu, akaniongezea kwamba mahali nilipotaka kuwapitisha wageni pana nyenga, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, wapitie upande wa pili wakiburuza miguu. Hakuwa amemaliza darasa la saba. Sasa ndiye mwongozaji ninayeombwa kwa jina, na wageni wakimuuliza kuhusu silikanti, yule samaki wa kale ambaye hifadhi ya bahari ya Tanga iliyoanzishwa 2009 imebeba jina lake, anawajibu kwa Kiswahili kilichonyooka na kijana anatafsiri. Kiingereza kinakuja, polepole.

Pesa

Mpe malipo siku ileile, mkononi mwake au kwenye simu yake. Si kupitia kaka, si kupitia nahodha. Bahashishi igawanywe kwa kanuni iliyobandikwa ukutani kabla ya msimu kuanza. Sisi tunagawa sawa: mgeni akiacha shilingi 60,000 na watu wa botini ni watatu, kila mmoja 20,000, hata yule aliyeanza jana. Nahodha wa zamani alinigomea wiki mbili. Nikamwambia mshahara wake ni mkubwa tayari, bahashishi ni ya tabasamu na tabasamu halina cheo. Akarudi.

Boti ikirudi magharibi, nauli ya bodaboda mpaka mlangoni ni gharama ya kazi, usimkate. Tafuta dereva mmoja mnayemwaminiana.

Kama ninyi ni kikundi, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ushauri wangu, na utanichukia kwa huu: msikope kununua boti mwaka wa kwanza. Kopeni mashine, majaketi na mafunzo, boti mkodi. Boti ya kikundi isiyo na fundi ndani ya kikundi huishia kuwa boti ya shemeji ya mtu.

Nyumbani kwake

Nenda mwenyewe. Usitume ujumbe. Nenda mchana, upige hodi, shikamoo kwa wakubwa, ukae, chai inywewe, kisha toa ratiba iliyoandikwa: siku, saa ya kutoka, saa ya kurudi, majina ya watakaokuwa botini, namba ya simu ya ofisi.

Mume mmoja aliniuliza, "Sasa huko katikati ya bahari, Mama, anakuwa na nani?" Swali la haki. Nikamtajia majina, mmoja mmoja, kisha nikamwambia: Jumamosi njoo, nafasi ipo, hulipi. Akaja. Kusi ilikuwa imeanza kuchangamka. Tulipovuka kisiwa cha Ulenge alikuwa ameshajilaza chini, mkewe anamshikia ndoo huku akimwelekeza atazame upeo wa macho. Hajauliza tena. Siku hizi ndiye anayemwamsha alfajiri.

Usimpeleke mwanamke mmoja peke yake kwenye kundi la wanaume sita. Anza na wawili, hata kama bajeti inalia. Mmoja peke yake huwa maonyesho. Kosa lake huwa kosa la wanawake wote. Wawili ni watu tu.

Karatasi na mikono ya watu

Mkataba uwe wa maandishi, hata kwa wa msimu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa jinsia, ujauzito au hali ya ndoa. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, mapacha siku 100, na anayenyonyesha ana haki ya mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Akiwa mjamzito mwondoe kwenye boti inayodunda, mpe ofisi, ratiba, mafunzo ya wapya, kwa mshahara uleule. Usiiite adhabu wala hisani.

Kuhusu kushikwashikwa. Sheria yetu ya botini ni fupi: mgeni akimgusa baharia, nahodha anaonya mara moja kwa sauti ya kusikika, akirudia, boti inageuza na pesa hairudi. Imo kwenye fomu anayosaini mgeni. Nimegeuza boti mara moja tu, na mgeni yule aliandika malalamiko marefu, na meneja aliyemleta akaniambia kwa simu kwamba mara nyingine "tuletee wanaume, wanawake wana mambo mengi." Nilipoteza wageni wake wote. Wakati huo iliniuma, ilikuwa msimu mkavu. Akiwa mkosaji ni wa kwetu, uwe na mtu wa pili wa kumpelekea malalamiko asiyekuwa wewe, kwa sababu huenda mkosaji ni mdogo wako. Yakivuka hapo, dawati la jinsia polisi lipo.

Masika

Kuanzia mwishoni mwa Machi mpaka Mei wageni hupungua na hapo ndipo wengi hupotea. Mwalimu yule wa Austria aliniambia kwao ni hivyohivyo theluji ikiyeyuka: asiyekuwa na kazi ya kiangazi haonekani Desemba. Sisi tunalipa nusu mshahara na kazi za nusu siku: kupaka boti rangi, kushona vifungo vya majaketi, kufungua mashine na kuipanga upya mezani, Kiingereza mara mbili kwa wiki, huduma ya kwanza siku mbili na kurudia kila mwaka. Wenye mashamba ya mwani tunawapangia ratiba kwa bamvua, wasichague kati ya kamba zao na kamba zetu.

Siku ya mwisho ya Mei kila mtu anavaa jaketi lake na kusimama mbele ya mwenzake, vifungo vinafungwa, mabega yanavutwa. Mwaka huu la nahodha wangu lilipanda mpaka kidevuni. Amepungua, ana mtoto wa miezi saba. Tumemnunulia jingine, rangi bado haijakauka mgongoni.